Mto Usiovuliwa ni Mtaro

Kuna dada mmoja ninayemfahamu, kwao ni Kibwezi, siku hizi anaishi Nairobi upande wa Eastlands, na kazi yake ni kufunga nzi. Aliponiambia mara ya kwanza nilicheka. Unafunga nzi na nini, kamba? Akanionyesha. Mezani pana jiliwa dogo la chuma, na limeng'ata ndoana. Anazungusha uzi, anaweka unyoya wa shingo ya jogoo, nyuzi mbili za kumetameta na nywele kidogo za mnyama, kisha anakaza fundo na kupaka tone la gundi. Dakika chache tu na kwenye ndoana pamekaa kidude cheusi na cha rangi ya chungwa, kimepangika kama bibi harusi. Kinaitwa nzi ingawa hakifanani na nzi yeyote aliyewahi kutua kwenye chai yako. Ni chambo cha bandia. Kitapakiwa, kitapanda ndege, na siku moja mtu aliyevaa buti za mpira zinazofika kifuani atakirusha kwenye mto wa Scotland, au Iceland, au pwani ya magharibi ya Kanada, akimtafuta samoni.

Kenya imefanya kazi hii kwa miongo mingi. Vijana na akina mama wa Nairobi na viunga vyake hukaa kwenye mabenchi wakifunga nzi, wengi wakilipwa kwa dazeni. Nzi mmoja wa samoni akifika dukani Ulaya anauzwa kwa pesa ambayo hapa ungekula chakula cha mchana kibandani siku mbili. Kuna hata unyoya mmoja maarufu ambao wavuvi wa dunia nzima wanauita marabuu, kwa jina la yale makorongo yenye upara yanayokaa juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo na kunya juu ya magari. Siku hizi unyoya huo hutoka kwa bata mzinga, lakini jina limebaki. Ndege wa jalala letu ameingia kwenye kila kisanduku cha mvuvi kuanzia Oslo hadi Vancouver.

Utadhani nimekuja kulalamika kuhusu malipo. Malipo yanastahili makala yake. Mimi nilimuuliza dada yule swali la kijinga: "Na wewe mwenyewe, umewahi kuvua?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kwenda mwezini. "Wapi?"

Basi. Neno moja tu. Kwao ni Kibwezi. Mto Athi, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, unapita upande wa mashariki wa kwao, ukiitenganisha Makueni na Kitui, ukifuata uwanda wa Yatta kuelekea Tsavo. Mikono yake inajua kutengeneza kitu kinachomdanganya samaki mjanja kuliko wote duniani, na anauliza wapi. Tangu siku hiyo nimekuwa na hasira, na nimeona heri niiandike hapa kuliko kuendelea kuwachosha marafiki zangu nayo.

Msimamo wangu ni huu, niuseme mapema ili ukitaka kukasirika uanze sasa: mto ambao hakuna anayeuvua, kwa mshipi na kwa mapenzi, si mto tena. Ni mtaro. Na sisi vijana wa mjini, hasa sisi tuliozaliwa na wazazi wa Kitui na Makueni, tumekubali Athi iwe mtaro kwa sababu tulifundishwa kwamba kuvua mtoni kwa raha ni mambo ya wazungu.

*

Tuanze na huyo samoni, tusije tukabishana juu ya kitu tusichokijua. Samoni huzaliwa kwenye maji baridi ya mto, hushuka baharini kunenepa, kisha hurudi kwenye mto uleule kutaga. Stilihedi ni ndugu yake wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada: kwa kweli ni trauti wa upinde wa mvua aliyeamua kwenda baharini na kurudi akiwa na rangi ya fedha na hasira ya mtu aliyetoka safari ndefu. Anaporudi mtoni, samoni huwa karibu ameacha kula. Ndiyo maana kumvua ni kazi. Humshawishi kwa njaa, unamchokoza tu.

Ufundi wenyewe uko hivi. Nzi ni mwepesi, hawezi kurushwa kama jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, na nzi anafuata nyuma akiwa kwenye uzi mwembamba wa mwisho. Kwenye mito mikubwa hutumia ufito wa mikono miwili, futi 13 au zaidi. Unasimama, unarusha kukata mto kwa mshazari kuelekea chini, unaurekebisha mshipi usivutwe vibaya na mkondo, kisha unaacha maji yamzungushe nzi polepole kutoka upande wa pili hadi upande wako. Unasonga hatua moja. Unarudia. Mara mia, mara mia tatu. Kuna mrusho unaoitwa Spey, kwa jina la mto wa Scotland, uliobuniwa kwa sababu kingo za mto ule zina miti na miinuko nyuma ya mvuvi, hana nafasi ya kurusha mshipi nyuma. Mwingine umepewa jina la mto Skagit, jimbo la Washington, na unatumia mshipi mfupi mzito kubebea nzi wakubwa na kuwazamisha.

Sasa niambie ni kipi hapo kisichoweza kufanyika Ukambani. Kingo zenye miti nyuma? Nenda Athi uone mikoche na migunga. Kusoma mkondo, kujua samaki anapumzika nyuma ya jiwe gani? Hiyo ni akili ya mwindaji, na babu zetu walijulikana nchi nzima kwa kuwinda kwa upinde. Ufundi wa vidole? Wamunyu walichonga vinyago vikauzwa dunia nzima tangu Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza akiwa amejifunza huko. Susu zetu wamesuka viondo vya mkonge mpaka vikafika madukani New York. Watu wenye mikono kama hiyo hawakosi kipaji cha kufunga nzi na kumrusha. Walichonyimwa ni ruhusa, na baadaye wakazoea kujinyima wenyewe.

*

Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland. Yalisafirishwa kwa meli, kwa reli, na kwa vichwa vya watu, yakaishia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye akaletwa trauti wa upinde wa mvua kupitia Afrika Kusini. Ndiyo, yuleyule ndugu wa stilihedi. Kwa hiyo ukienda Ragati, Thiba au Mathioya leo, unaweza kukutana na binamu wa samoni aliyeletwa hapa kama mizigo ya bwana, hajawahi kuona bahari.

Sina ugomvi na trauti. Ugomvi wangu ni na ramani aliyokuja nayo. Mito ya juu, ya baridi, yenye ukungu unaofanana na Scotland, ikawa mito ya kuvua: ikatungiwa kanuni, ikawekewa leseni, ikajengewa kambi, ikapata walinzi. Mito ya chini, ya joto, yenye maji ya kahawia, haikuwa mito ya mtu yeyote. Na ona kichekesho: maji ya Gura na Ragati yote yanaishia Tana. Yanapita mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yanapita kwenye mpaka wa kaskazini wa Kitui. Tone lilelile. Kule juu ni mchezo wa waungwana, huku chini ni mahali pa kuchota maji kwa mtungi ukiombea mamba asikuone.

Ramani hiyo bado iko kichwani mwetu. Muulize msee yeyote wa Nairobi aliyejaribu kuvua kwa nzi. Atakuambia alienda Aberdare, akalipa, akapiga picha na kofia, akaposti. Huyo huyo hupita Mombasa Road kila Krismasi, anavuka Emali, Kibwezi, Mtito, na hajui kwamba upande wake wa kushoto kuna mto wenye samaki wa asili ambao hawakuletwa na mtu yeyote. Kuna kuyu, samaki wa mkondo mwenye mdomo mnene na nguvu za punda, ambaye ndugu zake wa Afrika Kusini wanawindwa kwa nzi na watu wanaopanda ndege kwa ajili hiyo tu. Kuna kambare. Kuna perege wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis spilurus, mwenyeji wa Athi na Tana. Na kuna mkunga, si yule wa kuzalisha bali yule mrefu anayeteleza, ambaye nitamrudia kwa sababu yeye ndiye moyo wa kesi yangu.

*

Sasa tuseme ukweli kuhusu Athi.

Nairobi inachukua mchanga wa Ukambani na kurudisha choo. Naomba radhi kwa lugha, lakini hakuna namna nyingine ya kulisema. Malori yamebeba mchanga wa mito ya Makueni, Machakos na Kitui kwa miaka, na ghorofa unayoishi, iwe Kilimani au Roysambu, huenda imesimama juu ya mto wa mtu. Mchanga huo si uchafu wa kuzolewa. Kwenye mito ya msimu kama Tiva, Thua na Kaiti, mchanga ndio tangi. Mvua ikiisha maji hukaa chini yake, watu wakichimba wanapata ya kunywa. Ndiyo sababu Kitui wamejengwa mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990, na ndiyo sababu Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015.

Na kinachorudi? Mto Nairobi, ukiwa umebeba Mathare na Ngong, ukiwa umepita ubavuni mwa jalala la Dandora na kupokea maji ya majitaka kutoka Ruai, unaingia Athi. Nenda Fourteen Falls msimu mbaya uone povu. Kisha maji hayo yanaendelea kushuka, yanapita kati ya Makueni na Kitui, watu wanayachota, ng'ombe wanayanywa, wakulima wanamwagilia nyanya, vitunguu na tikiti. Na tikiti hizo zinapanda lori kurudi wapi? Marikiti. Kwa hiyo usijione uko mbali na hadithi hii. Ulichokiflashi kimerudi kwenye sahani yako kikiwa kimekatwa vipande na kuwekwa kijiti cha meno.

Juu ya mto huohuo linajengwa bwawa la Thwake, pale Thwake inapokutana na Athi. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 2018: ukuta wa zaidi ya mita 80, ziwa la mamilioni ya mita za ujazo, ahadi ya maji kwa Makueni, Kitui na mji wa Konza. Sipingi bwawa. Mtu wa Kitui anayepinga maji anahitaji kuombewa. Nauliza tu swali ambalo mtoto anaweza kuuliza: ukijenga sufuria kubwa chini ya choo, umekusanya nini?

Kampeni za kusafisha mto Nairobi zimekuja na kwenda. Marehemu John Michuki alijaribu kwa nguvu kweli akiwa waziri wa mazingira. Lakini angalia zinapopimwa: kando ya barabara kuu, mahali ambapo kamera zinafika na bustani inaweza kuzinduliwa. Hakuna anayezindua bustani Ikutha. Mto unasafishwa pale unapoonekana na matajiri, na Athi ya chini haionekani, kwa sababu hakuna mtu mwenye sauti anayesimama kando yake saa sita mfululizo akiangalia maji.

*

Hapo ndipo mvuvi anapoingia.

Mvuvi wa mshipi ni kiumbe wa ajabu. Anaangalia maji kuliko mwanasayansi yeyote mwenye mshahara. Anajua rangi ya jana na harufu ya leo. Wadudu wakitoweka chini ya mawe, yeye ndiye wa kwanza kujua, kwa sababu nzi wake amefungwa kwa kuwaiga. Na kwa sababu anapenda kitu ambacho hakimlipi, ni vigumu sana kumnyamazisha.

Uingereza, mji wa Derby, mto Derwent ulikuwa unauawa na watatu kwa mpigo: kiwanda cha British Celanese kwa kemikali, baraza la mji kwa majitaka, na mamlaka ya umeme kwa maji ya moto ya mtambo wake. Waliowashtaki hawakuwa serikali. Kilikuwa chama cha wavuvi wa mshipi, Pride of Derby, pamoja na mwenye ardhi mmoja, wakisaidiwa na umoja wa wavuvi ulioanzishwa mwaka 1948 na wakili John Eastwood hasa kwa kazi ya kuwashtaki wachafuzi. Mahakama ya rufaa iliwapa ushindi. Watu wa kofia na ndoana waliliangusha baraza la mji.

Marekani, mwaka 1966, wavuvi wa mto Hudson waliunda chama chao. Mmoja wa waliowaongoza, Robert Boyle, alikuwa mwandishi wa Sports Illustrated, mtu wa habari za michezo. Alifukua sheria ya mwaka 1899 iliyokuwa imesahaulika, iliyokataza kutupa uchafu mtoni na iliyompa mtoa habari sehemu ya faini. Wakaanza kuwaripoti wachafuzi mmoja mmoja. Chama hicho ndicho mzazi wa wale wanaoitwa leo Riverkeeper.

Na usidhani ni wazungu na kofia zao tu. Mto Klamath, California na Oregon, ulikuwa na mabwawa manne yaliyozuia samoni na stilihedi kupanda kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 2002 maelfu kwa maelfu ya samoni walikufa mtoni humo, wakaoza kingoni. Wayurok, Wakaruk na jamii nyingine za wenyeji, ambao samoni kwao ni chakula, ni sherehe, ni ukoo, wakaanza mapambano ya zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2024 bwawa la mwisho lilibomolewa. Kabla mwaka haujaisha samoni walionekana juu ya mahali ambapo kuta zilikuwa. Hakuna aliyewafundisha njia. Walikuwa wanangoja tu mlango ufunguliwe.

Kote huko kulikuwa na watu waliopenda samaki fulani kwa jina. Hakuna mto uliowahi kuokolewa na watu waliopenda "mazingira" kwa ujumla. Mazingira ni neno la semina. Samaki ana uso.

*

Nasikia manung'uniko, hebu tuyajibu.

Ati kuvua kwa raha ni uzungu. Mbona kandanda si uzungu? Mbona gofu ya Machakos haikusumbui? Kila Jumamosi unashangilia timu ya London kwa machozi, lakini ufito mtoni unakuuma. Raha haina rangi. Kilichokuwa cha ukoloni ni kufungia wengine nje, na dawa ya kufungiwa nje ni kuingia.

Ati watu wana njaa, nani ana saa ya kurusha kamba? Hili ni la heshima zaidi, nalijibu kwa heshima. Aliye na njaa avue ale, na simwambii arudishe samaki majini ili mimi nipige picha. Lakini yeye ndiye anayehitaji mto safi kuliko sote, na peke yake hasikiki. Mtoto wa mjini mwenye simu, data na rafiki wakili anasikika. Wawili hao wakisimama kingo moja, ni nguvu. Leo hawajuani.

Ati mamba. Kweli, na viboko pia. Sitanii na hili, watu wamepoteza maisha na viungo. Usiingie majini Athi wala Tana, kamwe, hata goti. Vua juu ya mwamba, mchana, ukiwa na mwenyeji anayeujua mto, na akisema hapa hapana, ni hapana. Ufito mrefu wa mikono miwili unakufaa hapo: unafikisha nzi mbali bila wewe kulowa. Na kama mahali hapafai kabisa, kuna madimbwi na mabwawa ya mashambani yenye perege na kambare ambapo kijana anaweza kujifunza bila kuandika wosia.

Ati vifaa ni ghali. Vya dukani ni ghali, sikatai. Lakini ufito wa kwanza unaweza kuwa wa mitumba au wa kuazimana watu wanne, wa uzito wa kati tu. Nzi ndio kitu ambacho watu huko hulipia sana, na hicho ndicho tunachotengeneza sisi! Unyoya wa jogoo wa mwaitu, uzi wa fundi cherehani, nyuzi za mkonge zilizobaki kwenye kiondo. Mpe dada yangu wa Eastlands alasiri moja na vijana kumi wa Wote au Mutomo, uone. Nzi mdogo mweusi wa kuzama, ndoana isiyo na ncha ya nyuma ili samaki aachiliwe kwa urahisi. Perege hatauliza umeununua wapi.

Na lililo gumu kuliko yote: Derby walishinda kwa sababu walikuwa na mali na haki ya uvuvi iliyoandikwa. Mwanakijiji wa Ikutha ana nini? Ana Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo hahitaji kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au ameumia. Soma tena. Wavuvi wa Derby wangetoa meno yao kupata sheria kama hiyo. Sisi tunayo tangu 2010, na tunayo mahakama ya mazingira na ardhi. Tusichokuwa nacho ni mashahidi: watu waliokuwepo mtoni Machi, Aprili, Mei, Juni, wakaandika rangi ya maji, wakahesabu samaki waliokufa, wakapiga picha zenye tarehe. Kesi hufa kwa kukosa daftari.

*

Nilisema nitamrudia mkunga.

Mkunga wa Athi ni samoni aliyegeuzwa. Samoni huzaliwa mtoni akanenepa baharini. Mkunga huzaliwa mbali kwenye Bahari ya Hindi, akiwa mdogo kama uzi wa kioo, akasukumwa na mikondo hadi pwani yetu. Kule kaskazini mwa Malindi anaingia mto unaoitwa Sabaki. Anapanda. Jina linageuka kuwa Galana, anapanda. Linageuka kuwa Athi, bado anapanda, katikati ya mamba, juu ya mawe yaliyolowa, mpaka ndani ya Makueni na Kitui. Anakaa miaka, ananenepa, na siku moja mvua ikija anashuka njia yote aliyokuja, anarudi baharini kutaga na kufa.

Kwa hiyo usiniambie samoni ni habari za Scotland. Tunaye msafiri wetu, na safari yake ni ngumu vilevile. Dunia inavua mito yake kwa nzi waliofungwa Nairobi ili kumsherehekea samaki anayerudi nyumbani, na sisi samaki wetu anayerudi nyumbani anakutana na povu letu, na sasa anakutana na ukuta wa mita 80. Atapita wapi? Kwenye Tana kuta tano zilishasimama bila swali hilo kupewa uzito. Thwake nayo ijibu hadharani, kwa maandishi, na jibu lisiwe kicheko.

Ninachotaka hakihitaji mfadhili. Vijana ishirini, kumi wa Nairobi, kumi wa vijiji vya kando ya Athi. Jumamosi moja kila mwezi, sehemu ileile, karibu na daraja la barabara ya Kibwezi kwenda Mutomo. Leseni mfukoni, mwenyeji wa kuongoza, ufito miwili ya kupokezana, daftari moja. Mjiunge na chama cha watumiaji wa maji cha eneo hilo, kwa sababu vyama hivyo viko kisheria na mara nyingi vina wazee watupu. Serikali za kaunti zote mbili zitangaze vipimo vya maji ya Athi kila mwezi kwa lugha ambayo mama anayechota anaielewa. Na Nairobi, mji wangu, mji ninaoupenda, ilipe kwa kile inachoshusha, kama inavyolipa mchanga inaoupandisha.

Susu yangu wa Kitui hakula samaki maisha yake yote. Alisema ni nyoka wa majini. Lakini alipopita mtoni kila mara aliinama kidogo, akaangalia chini kama kuna kinachosogea, kisha ndipo akateka. Alikuwa anapima. Kama kuna kinachoishi humo, na sisi tutaishi.

Nimemwambia dada wa Eastlands tunaenda mwezi ujao. Atabeba nzi aliowafunga mwenyewe, kwa mara ya kwanza wasiohesabiwa kwa dazeni. Aliniuliza tena lile swali lake, safari hii akiwa ameshika kalamu.

Wapi?

Athi, nikamwambia. Kwenu.